Mbalamwezi ikiisha: siku saba kati ya Mwanza na Ukerewe

Jumapili, Mwanza

Nina mwezi na nusu sijaandika ukurasa nikaupenda kesho yake asubuhi. Kitabu ninachoandika ni cha bibi yangu mzaa baba, sura sita zilikuja vizuri tu, ya saba imegoma, ni sura ya msiba wa babu na kila nikiishika naona kabisa kuna kitu hakijakaa ila sikioni kiko wapi. Kwa hiyo kesho napanda meli naenda kisiwani Ukerewe kwa shangazi, yeye ndo mtoto pekee wa bibi aliyebaki, na nimejiwekea sharti moja tu, kila siku ya safari naandika nilichokiona, kiwe kikubwa kiwe kidogo, hata kama ni upepo.

Basi leo naanza na mjusi.

Nyumba tunayokaa iko juu mlimani upande wa Kirumba, na milima ya Mwanza mnaijua, jiwe juu ya jiwe, mawe yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2 na kila jiwe lina mwenyewe. La nyuma ya jiko letu mwenyewe ni mjusi dume, kichwa na mabega mekundu ya waridi, kwingine kote bluu, wataalamu wanamwita Agama mwanzae, yaani mji wetu umo ndani ya jina lake! Jua likishapasha jiwe anapanda juu kabisa anaanza kupiga pushapu, kadhaa, anatulia, kadhaa tena, anawaambia madume wengine hapa pana mtu. Nimemwangalia mpaka chai ikapoa. Nikaandika mistari kama kumi na ile mistari nimeipenda kuliko chochote nilichoandika mwezi huu, haina neno hata moja la kujipamba, ni mjusi na jiwe na jua basi.

Mchana nikashuka Makoroboi kununua vya kupeleka, sukari, majani ya chai, sabuni za miche, kitenge kimoja kizuri. Hilo jina Makoroboi nalipenda mno, limetokana na koroboi, vile vitaa vya mafuta ya taa ambavyo mafundi walikuwa wanavitengeneza kwa makopo, mtaa mzima umepewa jina la mwanga mdogo.

Usiku nikatoka nje kuangalia ziwa. Siku za kawaida kutoka kwetu unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mpaka mbali kule, mgeni anaweza kuapa kuna mji ng'ambo. Leo hakuna hata moja. Mwezi ulijaa jana, maji yanang'aa kama bati jipya na ziwa lote liko tupu. Mbalamwezi hiyo, dagaa hawavuliwi.

Jumatatu, melini hadi Nansio

Meli imejaa magodoro, kreti za soda, kuku, pikipiki mbili, na akina mama ambao wakishakaa tu chini wanatandika kanga wanakuwa wamehamia kabisa. Ni masaa matatu na ushee kufika. Mama mmoja jirani yangu aliniona naandika akauliza, dada unatuandika sisi? Nikamwambia hapana mama, naandika ziwa. Akacheka, ziwa utalimaliza lini hilo, andika bei ya sukari. Nikaiandika, yupo sahihi, bibi yangu angetaka kujua bei ya sukari.

Na kweli ziwa halimaliziki, ni kilomita za mraba kama 68,800, nchi tatu zinakunywa humo, lakini kwenda chini siyo refu hivyo, penye kina kirefu ni kama mita 80 tu wakati Tanganyika inapita 1,400. Hilo huwa linanishangaza kila nikivuka, upana wote huu umekaa kama maji ndani ya sinia.

Kuna dakika kwenye safari hii watu wanapunguza maneno, hasa meli ikianza kulala kidogo. Mtu yeyote wa Mwanza mwenye umri wa kutosha anajua alikuwa wapi tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama. Mimi sijawahi kuandika habari hiyo na sitaiandika kwa haraka, kuna vitu unavibeba kwanza miaka mingi, ukiviandika vikiwa vibichi unawaumiza wenye msiba na wewe mwenyewe huelewi ulichosema.

Kalamu yangu ya wino wa jeli, ileile niliyoandikia sura ya saba yote kwenye daftari hili, imeisha katikati ya maji. Nimefika Nansio nikanunua penseli mbili na kichongeo. Bodaboda, mihogo njia nzima, michungwa, giza, shangazi mlangoni na taa.

Jumanne, kijijini

Shangazi kazi yake ni dagaa. Ananunua kwa ndoo alfajiri mitumbwi ikirudi, anaanika kwenye chanja, wakikauka anajaza magunia, tajiri wa Kirumba anachukua. Nilijua siku hizi za mbalamwezi hana kazi, nikasema afadhali, nitakaa naye chini nimuulize yote. Kumbe! Saa kumi na mbili asubuhi ameshanipa nyundo. Chanja zina miguu iliyooza, nyavu za juu zimelegea, na zote inabidi ziwe zimesimama kabla giza halijarudi. Anaanika juu ya chanja siyo kwenye mchanga kama wengine, anasema dagaa wa mchangani mlaji anatafuna ufukwe.

Baadae nikashuka mwaloni. Mitumbwi yote imevutwa nchi kavu na wavuvi wamekaa chini ya mti wanashona nyavu, wengine wanaziba mitumbwi kwa pamba na lami. Nikamwamkia mzee mmoja, shikamoo mzee, poleni na mapumziko.

"Marahaba mwanangu. Mapumziko yepi?"

Nikasema si mbalamwezi mzee.

"Mbalamwezi ndo kazi," akasema, hata hakuinua kichwa. "Ukingoja giza ndo ushone, giza litakukuta na matundu."

Akanieleza vizuri. Dagaa anakaa chini mchana, usiku anapanda juu kufuata vidudu anavyokula, na ukiweka taa juu ya maji giza likiwa zito anakuja kwenye taa yako. Mwezi ukijaa ziwa zima limekuwa taa, yako haionekani, samaki hana sababu ya kuja kwako. Ndo hivyo tu. Zamani walikuwa wanatumia karabai, glopu inapasuka ukishikwa na mvua, mafuta yanamaliza faida, siku hizi taa za betri na sola. Na huyu samaki mwenyewe kidogo hivi ana majina ya kwenda nayo safari, ukivuka Kenya anaitwa omena, Uganda mukene.

Nilikaa pale mpaka saa saba mchana. Vidole vya yule mzee vinashona bila yeye kuviangalia, anaongea na watu, anacheka, vidole vinaendelea. Natamani siku moja sentensi zinitoke hivyo.

Jioni tunamenya mihogo shangazi akaanza kutaja samaki waliokuwa wanapikwa na bibi. Ningu, domodomo, gogogo, kamongo (bibi hakumla ila alimpika), na furu. Furu ndo walikuwa wengi, mamia ya aina, kila moja na rangi yake, halafu sangara akapandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaja kuzagaa miaka ya 80, furu wengi wakapotea wasionekane tena. Shangazi anasema bibi alikuwa anawatenga kwa jina, huyu fulani wa mtoto anayeumwa, huyu fulani wa kukausha, majina ya Kikerewe. Nikamwambia nitajie. Akataja manne, nikayaandika yote, nikamwomba arudie nisije nikakosea. La tano likamfika mdomoni likakataa kutoka. Aliacha kisu akafumba macho kabisa analitafuta. Samaki ameondoka na sasa jina nalo liko mlangoni linavaa viatu, na mimi nina penseli, siwezi kueleza jinsi nilivyojisikia.

Tumekula ugali wa muhogo na sato. La tano halijaja.

Jumatano, Kagunguli

Nilitaka sana kufika Kagunguli na shangazi akakubali kunisindikiza, tumepanda bodaboda mishikaki, yeye katikati na mwavuli wake. Hapo kwenye misheni ndo alikosomea akiwa mtoto Aniceti Kitereza, mtu aliyeandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wanaoijua hiyo riwaya wanajua, mle ndani mtu akipika pombe ya ndizi anakupitisha hatua zote mpaka unaweza kwenda kuipika, mtu akilima unashika jembe, hakuna kitu cha kila siku alichokiona kidogo mno kisiandikwe. Aliimaliza 1945, kwa Kikerewe. Nani achapishe riwaya nzito vile ya Kikerewe? Hakupatikana. Baadae akakaa chini akaigeuza yote kwa Kiswahili mwenyewe, kwa mkono wake, na ikatoka 1980 kwa Tanzania Publishing House. 1981 akafariki.

Miaka 35. Nimesimama pale chini ya miti nikawa nakokotoa tu hiyo hesabu. Sijawahi kukutana naye wala simjui zaidi ya maandishi lakini nilitamani nimshike mkono. Mimi nimelalamikia sura moja mwezi na nusu, yeye alibeba kitabu kizima miaka 35 na bado siku za katikati alikuwa analima, anakula, anauguza, anaamkia watu njiani. Shangazi alinipa muda, akaenda kununua machungwa.

Usiku nikamsomea sura ya saba. Mwezi ulikuwa bado haujatoka, tulikuwa na taa ya sola mezani na wadudu wa ziwani, hawa wanaopanda juu ya maji kama moshi mchana, wamejaa kwenye kurasa ninawapuliza nikisoma. Kwenye sura hiyo bibi anasimama kaburini kwa babu anaongea, ukurasa mmoja na nusu, kuhusu kifo na ziwa na mawimbi yasiyochoka. Nilikuwa nimeyanoa yale maneno mpaka yanang'aa.

Shangazi alinyamaza muda mrefu, afu akasema, "Maneno mazuri. Ila huyu siyo mama."

Nikamuuliza kwa nini shangazi.

"Mama hakuwa mtu wa maneno, mama alikuwa anahesabu. Ndoo, siku za mwezi, vifaranga, watoto tukilala anapita anahesabu miguu. Siku baba anazikwa alikuwa ameazima mikeka kumi na nne kwa majirani, akawa anazunguka anaihesabu, anaogopa itachanganyika warudishiwe siyo yao. Watu wanalia, yeye kumi na moja, kumi na mbili. Mpaka wanamshusha baba chini alikuwa anahesabu."

Nililia pale mezani na shangazi akanimenyea chungwa. Mwezi na nusu natafuta nini hakijakaa, kumbe nilimpa bibi yangu mdomo wa mtu mwingine.

Alhamisi

Giza limerudi, la nusu. Mwezi sasa unachelewa kutoka, leo ni mpaka saa nne na nusu hivi, kwa hiyo tangu jua lizame kuna masaa ya kutosha ya kuvua na mitumbwi imeingia maji. Kijiji kizima kimebadilika, jana watu walikuwa wanatembea, leo wanakimbia, watoto wanabeba betri begani, mtu anaulizia koti lake, mwingine anagombana na mwenzake kuhusu mafuta ya injini, na shangazi amefua ndoo zake zote.

Saa mbili usiku nikaenda kukaa kwenye jiwe. Taa zikaanza kuwaka moja moja. Wanaziweka juu ya maboya, wanaziacha zikusanye samaki, na wao wanasubiri kwenye mtumbwi kimya, masaa, ndipo wanazungusha nyavu taratibu kuzunguka ile taa. Nilifikiri nitaandika kitu pale. Sikuandika, nilikaa tu na baridi ya ziwa, na nikaona sawa.

Ijumaa

Hii siku nitaieleza yote kwa sababu bado mikono inaninukia.

Alfajiri mitumbwi imerudi imejaa. Kelele zake ni kama sherehe na ugomvi kwa pamoja, ndoo zinapita juu ya vichwa, mwenye mtumbwi anahesabu huku, wanunuzi wanahesabu kule, shangazi amesimama majini mpaka magotini na hakosei hata ndoo moja, nikamwona bibi. Kabisa. Midomo ikicheza bila sauti.

Dagaa mbichi ni fedha tupu, ukimwaga kwenye chanja inabidi uwatawanye kwa viganja haraka wasilaliane, ukiwarundika wanaoza katikati wakati juu wamekauka. Jua likiwa kali siku moja inatosha. Saa tatu chanja zote nane zilikuwa zimejaa zinang'aa, nikaweka daftari langu juu ya jiwe nikasema sasa nakaa naandika.

Wingu likatoka ziwani. Kawaida mvua za ziwa zinapiga usiku na alfajiri, upepo wa nchi kavu unapoteremka majini, ila hii ilikuja saa nne kasoro bila hodi, kwanza upepo, kisha ziwa likabadilika rangi, kisha mtu wa kwanza akapiga ukelele na wanawake wote wa ufuko ule wakainuka kama ndege. Dagaa wakinyeshewa wamekwisha, wanakuwa wa chakula cha kuku, bei inaanguka chini kabisa, na ile ni hela ya ada, ya dawa, ya mtaji wa kesho. Nilikimbia. Unakunja wavu wa chanja na dagaa wake ndani, unabeba kama mtoto, unaingiza ndani, unarudi, miguu inateleza, jirani ana chanja nyingi kuliko mikono basi unashika na ya kwake, hakuna anayeuliza ya nani. Tuliokoa saba. Ya nane ilinyeshewa yote.

Ndipo nikakumbuka daftari.

Lilikuwa limevimba kama mkate. Shangazi alilichukua mkononi kwangu, hakusema pole wala nini, mvua ilipokatika akarudisha chanja nje, akatandaza dagaa, na kwenye kona moja akalifungua daftari akaliweka kurasa juu, na kijiwe kidogo upepo usilifunge. Tukawa tunageuza vyote pamoja, dagaa na kurasa, kila baada ya muda.

Jioni nikaangalia. Wino wa jeli umeondoka wote, sura ya saba imebaki mawingu ya bluu, hotuba ya bibi kaburini hakuna herufi hata moja inayosomeka, na sina nakala nyingine yake. Penseli haijaguswa. Majina manne ya furu yapo, mikeka kumi na nne ipo. Nilisoma ukurasa hadi ukurasa nimesimama palepale kwenye chanja na sikusikia uchungu niliodhani nitausikia.

Usiku tukiwa tumeshalala shangazi akaita kutoka chumbani kwake. Lilikuwa jina la tano. Niliwasha tochi ya simu nikaliandika.

Jumamosi, njiani na nyumbani

Nimerudi kwa barabara, kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, basi, Bunda, Lamadi, Magu, vumbi, usingizi, mahindi ya kuchoma dirishani. Shangazi amenifungia dagaa gunia dogo na basi zima limejua. Alinisindikiza mpaka stendi na mwavuli wake, nikasema shangazi kitabu kikiisha nakuletea wa kwanza wewe, akasema lete na sukari.

Nimefika nyumbani saa mbili usiku na umeme hakuna mtaa mzima. Nimekuja kukaa kwenye jiwe la mjusi, bado lina joto la mchana, mwenyewe kalala ufa wake. Mwezi mpaka usiku wa manane ndo utatoka. Chini kule Mwanza nzima imezima lakini ziwani taa zimerudi, na mimi nina penseli na daftari linalonuka dagaa, nimeanza kuzihesabu kutoka mkono wa kushoto, nimefika sitini na moja, moja ikazima, nimeanza upya.